Hitima ya Baba Mkwe na Betri ya Gari

Mume wangu na ndugu zake walichanga kwa muda mrefu ili tuweke umeme wa jua. Mama mkwe naye alitia akiba ya barafu zake za ukwaju, maana hapa Malindi stima ikikatika mchana wa joto, biashara yake huyeyuka yote. Muuzaji alituandikia bei kabla ya Julai 2020. Tuliporudi na fedha, karatasi ile haikufaa tena: Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilikuwa imeondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, na asilimia 14 imeshapanda juu ya bei.

Kwa kuwa fedha sasa hazikutosha, fundi akamshauri mume wangu aache betri ya sola, achukue ya gari. "Baba Salma, volti ni zile zile 12." Hakuwa na leseni, ilhali kanuni za umeme wa jua za 2012 zilimtaka awe nayo. Betri ya gari hutengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, iwashe injini, kisha ijazwe papo hapo. Friji ikiinyonya usiku kucha, sahani zake za risasi huharibika upesi.

Yetu ilikufa mkesha wa hitima ya baba mkwe. Alfajiri mama mkwe alifungua friji, harufu ikajaa jikoni: changu, tafi, nyama ya mbuzi mzima. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi akalia. "Mwanangu, wageni wa mzee watakula nini?" Shemeji alikimbia sokoni kwa fedha za kukopa, majirani wakaleta mchele na nazi, kila mmoja na sufuria yake. Sahani zilitoka baada ya adhuhuri na watu wakashiba. Yeye hakutia tonge kinywani.

Msamaha wa VAT ulirudi 2021. Kumbuka kodi hiyo iliwahi kuwekwa 2013 na kufutwa 2014. Serikali inahitaji mapato, sawa, lakini familia inayochanga kidogo kidogo haiwezi kupanga ikiwa sheria hugeuka kila baada ya bajeti. Tulinunua betri ya lithiamu, tukamtafuta fundi mwenye leseni. Usiku wa 25 Agosti 2023, Kenya karibu yote ilipoingia gizani, insulini ya mzee wa jirani ililala salama ndani ya friji yetu.

Mzozo wa sasa ni wa umeme wa ziada. Adhuhuri paneli huzalisha zaidi kuliko tunavyotumia. Kanuni za 2024 zinamruhusu mwenye paneli kuingiza ziada hiyo kwenye gridi, ila uniti mbili zihesabiwe moja. Wenye nguzo za umeme wanasema nyaya zina gharama, na asiye na paneli asibebeshwe mzigo wa aliye nazo. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, nusu nzima ni nyingi mno: uniti inayotoka paani kwangu hutumika nyumba ya pili, na jirani huilipia bei kamili.

Waheshimiwa wabunge, msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uacheni ukae, na gharama ya nyaya ipimwe hadharani kabla ya kukatwa. Nawe unayechanga leo, dai kuiona leseni ya fundi kabla hajapanda paa lako.