Fungua Kiti Kabla ya Programu

Kabla hujafungua programu ya kupimia injeksheni kwenye simu, fungua kiti cha pikipiki. Chini yake kuna betri, kuna fyuzi, mara nyingi kuna soketi ya kupimia, na kwa pikipiki iliyozunguka Chang'ombe kiangazi kizima kuna vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Lipulize. Safisha vichwa vya betri, kaza nati zake. Zima swichi, chomoa vichwa vya waya kimoja kimoja, vitazame, virudishe mpaka visikike vikilia "ta". Wapo watakaokuja taa ya injini inawaka wakaondoka imezima kwa kazi hiyo tu. Watoze. Kupona ni kupona.

Nasema Chang'ombe, na namaanisha ya Dodoma. Ya Temeke, Dar es Salaam, ni nyingine, na kinachozitenga hizi mbili ni hewa yenyewe. Ya Temeke iko jirani na bahari. Ya kwetu iko juu ya uwanda, mita 1,100 na ushee. Kule presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Huku ni 88 au 89. Shika hiyo 88 kama unavyoshika namba ya simu ya mama yako, maana mwongozo wote huu unaizunguka.

Kabureta haina habari na mwinuko. Pikipiki iliyosetiwa Temeke ikifika huku, tundu la petroli ni lilelile lakini hewa imekuwa nyepesi. Mchanganyiko unazidi mafuta, plagi inatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, na mwenye chombo analalamika kwamba Dodoma petroli haikai. Boxer na TVS nyingi zinazobeba abiria hapa bado ziko hivyo, na dawa yake ni bisibisi, jeti na sikio. Injeksheni ni habari nyingine. Kuna sensa inayopima presha ya hewa, kuna ya joto la hewa, ya joto la injini, ya kilango cha hewa kinachofunguka ukivuta mafuta, na kwa nyingi kuna ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Kompyuta inasikiliza zote, inaamua injekta ifunguke kwa milisekunde ngapi, kisha mzunguko unaofuata inaamua upya. India, zinakotoka Boxer na TVS, ilianza kutumia viwango vya moshi vya BS6 tarehe 1 Aprili 2020, na tangu hapo pikipiki zinazouzwa huko zimehamia kwa wingi kwenye injeksheni. Kijana anayejifunza ufundi leo atazishika, apende asipende.

Haya, betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma chini ya 12, weka simu mfukoni, chaji betri, uendelee kesho. Kompyuta yenye njaa ya umeme hulalamikia kila kitu, na wewe utabadilisha sensa nzima kwa kosa la betri mbovu. Injini ikiunguruma, volti zipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, kazi yako iko kwenye chaji, na injeksheni umeiacha salama.

Kabla hujanunua kifaa chochote, jua kwamba kuna pikipiki zinazojieleza zenyewe. Honda nyingi za injeksheni za miaka ya nyuma hukonyeza kwa taa ya dashibodi: mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mmoja mfupi ni sensa ya presha ya hewa. Saba ni joto la injini, nane ni kilango cha hewa, tisa ni joto la hewa. Mmoja mrefu na miwili mifupi, yaani 12, ni injekta. Miwili mirefu na mmoja mfupi ni oksijeni. Hesabu mara tatu, andika kwenye karatasi, na ukiwa unahesabu usipokee simu. Nimeona saba ikigeuka nane kwa sababu ya simu ya mteja, na sensa isiyo na hatia ikang'olewa.

Kwa nyingine utahitaji kifaa cha kuunganisha soketi ya kupimia na programu ya simu. Magari yana soketi ya pini 16, pikipiki mpya nyingi zina ya pini sita, kwa hiyo tafuta waya wa kuunganishia. ELM327 ya blututhi inatosha kuanzia. Jihadhari tu na nakala za bei poa zilizoandikwa v2.1, kwa kuwa nyingi zimepunguziwa amri: zitakuambia pikipiki haijibu, wakati kisichojua kuuliza ni kifaa.

Sasa fika asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Washa swichi, usiwashe injini, na mikono kaa nayo mbali. Soma joto la injini na joto la hewa. Vyote viwili vimelala nje usiku mmoja, kwa hiyo vinatakiwa vikubaliane. Kwenye kipupwe cha Julai, alfajiri, ni nyuzi 15 au jirani na hapo. Kimoja kikisema 15 na kingine 60, aliyekosea umeshamjua bila kufungua nati hata moja. Soma kilango cha hewa: kikiwa kimefungwa kiseme sifuri au karibu na sifuri, na ukivuta mafuta taratibu namba ipande bila kuruka. Kisha soma presha ya hewa. Injini haijawaka, haijavuta pumzi, kwa hiyo sensa inapima hewa ya Chang'ombe tupu. Iseme 88 au 89. Ikisema 101, pikipiki hiyo inadhani iko Temeke, na itamwaga petroli ya Temeke.

Kipimo hicho cha asubuhi hakigharimu shilingi, nacho ndicho wengi wanakiruka.

Mzee mmoja alileta pikipiki yake gereji kwa guta, yeye akifuata nyuma kwa miguu. Akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akavuta benchi.

"Fundi mwanangu, kule nilikotoka wameniambia kompyuta imekufa. Niuze ng'ombe ninunue mpya."

"Mzee wangu, ng'ombe asubiri kwanza."

Swichi ikawashwa, namba ikasema 88. Sensa nzima. Tukapiga stata, injini ikawaka kwa shida, moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi. Hapo ndipo kuna la kujifunza. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa mafuta, kilango kimefungwa, pistoni inanyonya, na presha nyuma ya kilango inatakiwa ishuke sana. Yetu ilishuka kidogo ikabaki juu. Kompyuta ikaona presha kubwa, ikaamini imebebeshwa mzigo wa magunia inapanda mlima, ikamwaga mafuta kwa nia njema kabisa. Nikafuata bomba la mpira linalotoka kwenye kilango kwenda kwenye sensa. Likiwa limenyooka halina tatizo. Nikalipinda kwa vidole: likafunguka ufa mwembamba wenye vumbi jekundu ndani, kama kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi chote. Jua la Dodoma halina huruma na mpira. Tukakata kipande kipya, urefu wa kidole cha kati, tukakifunga pande zote mbili. Namba ikaporomoka, moshi ukakata.

Mzee akaomba aishike simu. Akavuta mafuta, namba ikapanda, akaachia, ikashuka. Akarudia mara nne. "Kumbe inapumua," akasema. Sijasikia maelezo bora ya sensa ya presha ya hewa kutoka kwa yeyote, na wanafunzi wangu nawafundisha kwa maneno hayo hayo.

Sheria ya kwanza ya programu ni kuandika kosa inaloonyesha kabla ya kulifuta. Kufuta kosa bila kuliandika ni kumziba mgonjwa mdomo. Taa itazima, mteja atafurahi, na kabla ya kufika Kizota itakuwa imewaka tena.

Injini ikishapata moto, tazama sensa ya oksijeni. Ile ya kawaida hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9, inapanda na kushuka bila kupumzika, na kucheza huko ndiyo afya yake. Ikiganda chini, hewa imezidi, au bomba la moshi lina tundu kabla ya sensa. Ikiganda juu, petroli imezidi. Lakini sensa hiyo inajua mambo mawili tu, zaidi na pungufu. Kiasi gani, haijui. Anayedai ameseti mchanganyiko kwa usahihi akitumia hiyo peke yake anakisia, na injini inayokisiwa huungua valvu.

Lipo pia ambalo programu hailioni kabisa. Pikipiki hizi ndogo hazina sensa ya presha ya petroli. Pampu ikichoka, au kichujio chake kikiziba kwa uchafu wa petroli ya chupa, simu inaweza kuonyesha kila kitu shwari huku chombo kinakohoa kwenye kilima. Honda nyingi zinataka kilopaskali 294, karibu ba tatu, na utaijua kwa geji ya kufunga kwenye mpira wa mafuta. Pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe. Kijana wa bodaboda anayetembea na mafuta ya elfu mbili tangu Januari hadi Desemba anaikaanga kidogo kidogo. Mdogo wangu, weka hata robo tangi.

Mazoea mawili ya kabureta yaachwe mlangoni. La kwanza ni bisibisi ya silensa. Skrubu ya kuzuia kilango kwenye injeksheni imefungwa kiwandani, mara nyingi ina rangi juu yake. Ukiizungusha, sifuri ya kilango inapotea, na kompyuta inaanza kuhesabu kutoka mahali pasipo. La pili ni kutoa eya klina ili pikipiki "ivute". Mchanga wa huku ni jiwe lililosagwa. Ukiingia kwenye silinda unakula ringi, na hakuna programu ya kurudisha ringi.

Umefika hapa na namba zote ni nzima, pampu nzima, na bado una sababu ya kugusa ramani ya mafuta, lile jedwali ambalo kompyuta hulisoma ijue imwage petroli kiasi gani, pengine mtu amebadilisha bomba la moshi? Pikipiki ndogo nyingi kompyuta zake zimefungwa, hutaweza, na usilazimishe. Kazi hii utakutana nayo zaidi kwa wasafiri wa pikipiki kubwa wanaopita Dodoma wakitoka Cape kwenda Cairo, wenye Triumph na KTM, ambazo programu ya TuneECU husoma nyingi kati yake. Kwanza soma ramani iliyomo, ihifadhi sehemu mbili, ipe jina lenye tarehe. Pili, funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayotaja kiasi. Tatu, badilisha asilimia mbili, tatu, sehemu moja tu ya ramani, ujaribu barabarani. Na wakati wa kuandika ramani, betri iwe imejaa na mtu asiguse swichi, hata kama ndiye mwenye pikipiki.

Kwa majaribio, shika barabara ya Iringa mpaka Mtera, ukiacha simu inarekodi. Bwawa liko takriban mita 700 juu ya bahari, kwa hiyo njiani utateremka mita mia nne na zaidi, na presha itapanda kutoka 88 mpaka 93 hivi. Ukirudi, fungua rekodi. Injeksheni nzima imeongeza petroli kidogo kidogo kadiri hewa ilivyokuwa nzito, wewe ukiwa unatazama barabara. Mimi hilo bado linanifurahisha kama siku ya kwanza.

Neno kwa wenye pikipiki: kupima nako ni kazi. Fundi akikaa nusu saa anasoma namba halafu akabadilisha kipande cha mpira, mlipe hiyo nusu saa. Msipolipa usikilizaji, mtauziwa kompyuta.

Na kwa wenzangu wa gereji: chukueni chaki, mwandike ukutani 88, pale ambapo mwanagenzi ataiona kila asubuhi kabla ya kugusa spana.