Dele Jekundu: Mwongozo wa Kumaliza Ugomvi na Taa ya Oili

Kwenye dashibodi ya Corolla yangu ya mwaka 1998 kuna picha ndogo ya dele la kahawa linalodondosha tone moja. Wajapani walikusudia kopo la fundi la kutilia oili, lakini kwa mtu aliyekulia vibarazani Dar es Salaam, hilo ni dele na halina jina lingine. Likiwaka jekundu wakati injini inaunguruma, maana yake oili haisukumwi ipasavyo. Au maana yake kuna waya mmoja, mwembamba kama njiti ya kiberiti, umechunika mahali. Mwongozo huu utakuonyesha jinsi ya kutofautisha mambo hayo mawili, nao umepangwa kwa gharama, kuanzia njia ya ghali.

Njia ya kwanza ni kuendelea kuendesha. Ukiwa Barabara ya Mandela, umeipita Buguruni na dele likawaka, usiegeshe pembeni. Walio nyuma yako wana honi, na wewe una aibu. Kama presha ya oili imeondoka kweli, chuma kitasagana na chuma, injini itagonga kama mwenye nyumba anayedai kodi, kisha itanoki. Hapo utajua pasi na shaka kwamba taa ilikuwa nzima. Hakuna kipimo sahihi kuliko hicho, ila kila injini hukubali kupimwa hivyo mara moja tu.

Ukikosa ujasiri huo, nenda kwa fundi. Usimweleze mengi. Atasikiliza akiwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, na kabla hajatoa kichwa atasema, "Sensa hiyo, bosi." Hapo ni zamu yako kwenda Shauri Moyo, Ilala, kutafuta sensa. Mimi nilinunua mbili: ya kwanza mtumba, ya pili mpya ndani ya boksi lake. Dele liliwaka kwa zote mbili kwa uaminifu uleule. Fundi wa pili alitaka kubadilisha pampu ya oili. Wa tatu alitaka kushusha injini nzima, na alinitazama kwa huruma ya daktari wa zamu ya usiku. Wa nne alichukua tepu nyeusi, akakata kipande cha ukubwa wa ukucha, akalibandika dele usoni. Lazima niseme ukweli: huyo ndiye aliyekuwa na bei nzuri kuliko wote, na gari lilipona siku hiyohiyo.

Wapo mafundi waliobobea zaidi, wao hutoa balbu kabisa. Ndiyo maana unapokwenda kununua gari la mkononi, kabla hujapiga teke matairi kama tunavyofanya sote bila kujua tunatafuta nini, zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Dele lazima liwake. Lisipowaka, muulize muuzaji kwa upole fundi wake anaitwa nani.

Sasa tuje kwenye njia za bei rahisi, ambazo zina kasoro moja: hutapata cha kusimulia gerejini.

Chomoa stiki ya oili, ipanguse, irudishe, ichomoe tena. Kama oili imeshuka chini ya alama, ongeza, lakini usidhani umemaliza kazi. Taa hii haipimi wingi, inapima presha. Oili inaweza kujaa hadi alama ya juu huku pampu imekufa, na inaweza kupungua lita nzima dele likiwa limelala fofofo. Vilevile hicho tunachokiita sensa si sensa. Tofauti na ile ya kuhesabu watu ya Agosti 2022, hii haihesabu kitu. Ni swichi tu, ndugu yake ile ya chumbani kwako, imekazwa kwenye bloku ya injini karibu na filta ya oili, na kichwani ina waya mmoja.

Waya mmoja! Nilipolijua hilo nilizikumbuka fedha zangu kwa majina. Umeme unatoka kwenye ufunguo, unapita kwenye balbu, unashuka kwa waya huo hadi kwenye swichi. Presha isipokuwepo, swichi inaugusisha waya na chuma cha injini, yaani ethi, na dele linawaka. Injini ikiwaka, oili inasukuma kiwambo kilichomo ndani ya swichi, mgusano unaachana, dele linazima. Kwa maneno mengine, kazi ya asili ya taa hii ni kulalamika, na presha ndiyo inayoinyamazisha. Ndiyo maana waya uliochunika ukagusa bodi huwasha taa daima, hata kama presha ni ya kutosha ndege. Na waya uliokatika huacha taa kimya siku zote, hata oili yote ikiwa imemwagika Chalinze. Huyo mkimya ndiye wa kumwogopa.

Kipimo chenyewe basi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ufunguo kwenye ON, chomoa waya kwenye swichi. Dele likizima, waya ni mzima. Mtuhumiwa ni swichi, au presha imeshuka kweli, kwa hiyo usishangilie. Hapo mwambie fundi afungue swichi na kufunga geji mahali pake. Kwa injini za Toyota kama hii yangu ya 5A-FE, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika unatarajia kati ya baa 2.5 na 5. Injini ikiwa imewaka bila kukanyagiwa mafuta, hata baa 0.3 inatosha. Dele likiendelea kuwaka na waya umechomolewa, mwongo ni waya. Na kama taa yako haiwaki kamwe, gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini: ikiwaka, swichi imekufa, isipowaka, waya umekatika au balbu imeungua, au umekutana na wateja wa fundi aliyebobea.

Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja kichwa ndani ya boneti, mwingine kwenye usukani. Mimi nilibandua kwanza tepu ya fundi wa nne, kisha nikamweka binti yangu wa miaka tisa.

"Limezima, Baba!"

"Limezima, au umezima ufunguo?"

"Nimezima ufunguo."

Tulianza upya. Nikautingisha waya kidogokidogo kutoka kwenye swichi kurudi nyuma, huku nikimlaani panya, kwa kuwa magari yanayolala nje mtaani kwetu huliwa nyaya. Nilimwonea. Karibu na alternata waya ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, kazi ya mmoja wa mafundi wangu wanne, na hapo ngozi yake ilikuwa imesagwa na chuma hadi shaba inang'aa. Nikakata kipande kibovu, nikaunga kipya kwa risasi, nikakivisha mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu ya kawaida hapo hulainika ikatambaa yenyewe. Kisha nikaupitisha waya mbali na chuma. Gharama yote haikufika chai na chapati mbili.

Nikaita majirani. Nikawaonyesha: ON, dele linawaka, washa injini, dele linazima. Wakataka tena. Nikazima injini, nikarudisha ufunguo ON na kuwaeleza habari za kiwambo, za ethi, za Shauri Moyo, kwa muda ambao binti yangu anasema ulikuwa saa nzima na redio ilikuwa inaimba. Katikati ya maelezo dele likaanza kufifia, likawa la rangi ya chungwa, kisha kahawia, kisha halikuwepo.

"Hiyo sasa," akauliza mzee wa nyumba ya pili, "ni waya au sensa?"

Ilikuwa betri.