Muulize Profesa Michembe: Duara la Jirani

"Profesa, nauza vipuri vya karasha hapa Katoro. Nakwenda Jamaica, na Jamaica hawana neno nami. Nimekata tiketi mbili za bei poa: moja inanifikisha Heathrow, nyingine inaondokea Gatwick. Rafiki yangu anasema nahitaji viza ya Uingereza, nchi ambayo sina hata haja ya kuiona. Ni kweli? – Mpita Njia."

Mwanangu, kati ya Shinyanga na Geita wapo waganga, wazee wa sungusungu na madalali wa dhahabu, na wote wana majibu. Lakini umemwandikia Profesa Michembe, na hiyo pekee ni nusu ya tiba. Ugonjwa wako niliujua kabla sijafika kwenye neno Heathrow: daraja limekuharibu. Zamani mtu wa Geita akienda Mwanza alisubiri kivuko, akajifunza kwamba njia ina mwenyewe. Tangu Juni 2025 anateleza juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, hakuna anayemuuliza karatasi, anafika uwanja wa ndege akidhani dunia nzima ni Busisi.

Tumia elimu uliyonayo. Duara lako la kuchimbia dhahabu likitobozana na la jirani huko chini, hutasema "napita tu, jiwe lake siligusi." Utajibu maswali kwanza. Nchi nazo ni hivyohivyo. Uingereza imeiweka Tanzania kwenye orodha ya mataifa ambayo raia wake hudaiwa viza hata wakisubiri ndege ndani ya uwanja, isipokuwa wenye misamaha, mfano walio na viza halali ya Marekani au Kanada. Na wewe hata viza hiyo ya ndani ya uwanja haikutoshi. Heathrow na Gatwick zote huitwa London, kama mtu wa Dar anavyoita kila kitu kuanzia Tinde hadi Runzewe "Usukumani", lakini kati yake kuna zaidi ya kilomita 60 za barabara, na barabara hiyo iko nje ya uwanja, ndani ya Uingereza. Isitoshe, begi lenye stika ya Heathrow halina habari za Jamaica. Litazunguka kwenye mkanda upande wa pili wa Uhamiaji, likikungoja. Unahitaji viza ya kupita kwa kuingia nchini.

Utasema: mbona shirika lilikula hela yangu? Kuuza tiketi si kuidhinisha safari. Masharti ya usafirishaji, yale uliyoyakubali bila kuyasoma, humwachia abiria mzigo wa karatasi za kila nchi anayoigusa. Basi kwa nini dada wa kaunta hukagua pasi kama polisi? Kwa sababu akikosea, mwajiri wake hulipa. Kwa mfano, kwa nchi za Umoja wa Ulaya, Agizo lao la mwaka 2001 linataja faini ya juu isiyopungua euro 5,000, au ya chini isiyopungua 3,000, kwa kila abiria aliyebebwa bila karatasi. Ndiyo maana dada anatazama Timatic, hazina ya masharti ya viza iliyoanza 1963, na akiona pengo anakuacha Dar na begi lako. Wapo watakaosema wakala wa tiketi, mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, alipaswa kukuonya. Alipaswa kweli. Lakini aibu yake haigongwi muhuri kwenye pasi.

Wala usiruke mkojo ukakanyage mavi kwa kupitia Miami. Marekani kila anayeshuka hupita Uhamiaji, na utaratibu wa kupita bila viza ulisimamishwa Agosti 2003. Schengen ni wapole kidogo: Tanzania haimo kwenye orodha yao ya pamoja ya wanaodaiwa viza ya uwanjani, ingawa jirani yetu Kongo imo. Ila kila nchi yaweza kuongeza orodha yake, na ukiruka kutoka uwanja mmoja wa Schengen hadi mwingine, umeshaingia.

Dawa yangu, ambayo vyuo vikuu bado vinaionea wivu, ni majivu. Yatumie kuchora safari nzima uani. Kila unapochukua begi au kubadili uwanja, muweke shangazi juu ya kigoda awe Uhamiaji. Ukimpita shangazi bila kuulizwa unakwenda wapi, nirudishie uprofesa wangu. Nafasi imeniishia, na bado sijagusia kipaji changu cha jiografia. Haya, omba viza kabla ya tarehe, au tafuta njia isiyogusa Uingereza. Michembe ya viazi usiibebe kabla ya kuuliza forodha ya Kingston. Jina langu halihitaji kibali, lipeleke.