Usiku Neema Alipokula Kimea

Mtamba wa kwanza wa nyumba yetu aliletwa na mradi wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, na alikuwa wa Bibi. Babu alikuwa na kahawa yake. Katika vihamba, mashamba yetu ya nyumbani ya Machame, Kilimanjaro, mambo yalieleweka hivyo: fedha ya kahawa ni ya mwanamume, maziwa ni ya mwanamke. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na ada za shule zikahamia kwenye ndoo ya Bibi. Wanawake wenzake wa kijiji cha Nronga walikuwa wameshaanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo mlimani hakuna aliyeshangaa kuona mwanamke akilipa ada.

Ndama jike wa kwanza alimlipa kwa jirani, kama alivyoahidi. Wa pili akabaki. Mama alipoolewa hapo akaleta uhimilishaji, kwa mbegu za Friesian kutoka kituo cha Usa River, akaanza na daftari la joto na mimba. Kaka yangu, aliyesomea mifugo, akaongeza mashine ya kukatia majani na mtambo wa biogesi. Leo wapo wanane bandani, bila kuhesabu ndama, na kihamba hakijapanuka hata hatua moja. Majani na mabua yanapandishwa kwa pikapu kutoka tambarare. Migomba hutoa kilichobaki.

Ng'ombe alipokuwa mmoja, Bibi alijua kila alichomeza. Kwa wanane kazi imegawanywa: mmoja anakata majani, mwingine anakamua, mwingine anapeleka maziwa kituoni. Kufunga mlango wa jiko la nje hakukuwa zamu ya mtu.

Ilikuwa wiki ya kipaimara cha mdogo wetu. Nyumba imejaa wageni, mama wadogo wanamenya ndizi za pombe ya mbege, na kimea cha ulezi kimeanikwa, kikakauka, kikawekwa jikoni humo kwenye magunia. Usiku Neema, ng'ombe wetu anayeongoza kwa maziwa, akasukuma komeo la banda kwa pua hadi likatoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kimea.

Bibi ndiye aliyegundua. Chumba chake kinapakana na banda, na amezoea kusinzia akisikia ng'ombe wakicheua. Akamwamsha Mama: "Mama Baraka, amka. Neema simsikii."

Tulimkuta amesimama kati ya masufuria, miguu imepanuka, ulezi umemganda puani. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, na Kaka alipougonga kwa vidole ulilia kama ngoma. Pumzi ilinuka uchachu. Mjomba akaleta ndoo ya maji, kwa huruma kabisa, maana ng'ombe alionyesha kiu. Kaka akaizuia. Nafaka nyingi namna ile huchacha haraka tumboni, asidi ikapanda, ng'ombe akaacha kucheua, na asipowahiwa hulala asiinuke tena. Kumjaza maji saa ile kungeharakisha uchachu.

"Mpe magadi," alisema Bibi.

"Ndiyo, Bibi, magadi," alisema Kaka, na ndipo mama wadogo walipotoa pakiti zote za magadi ya kuokea keki ya sherehe. Tukayakoroga kwenye maji ya uvuguvugu, tukamnywesha kidogokidogo kwa chupa, kichwa kikiwa sawa ili yasiingie mapafuni. Kisha tukamtembeza kihambani, tukipokezana kamba, hadi bwana mifugo alipofika kwa bodaboda. Alipitisha mpira mdomoni hadi tumboni, na gesi ikatoka kwa mvumo. Akamdunga sindano, akatuagiza tusipeleke maziwa yake kituoni hadi siku za dawa zipite. Mama aliandika agizo hilo ukutani kwa mkaa, kwa herufi kubwa, kwa sababu pale kituoni maziwa ya kijiji kizima huchanganywa kwenye tangi moja.

Kulipokucha Neema alianza kucheua. Bibi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda mbele yake, kanga imelowa umande, akihesabu matafuno kwa sauti ili sote tusikie.

Mbege ya kipaimara ilitoka kwa jirani. Ni nyumba ileile iliyopokea ndama wa kwanza wa Bibi, na waliposikia yaliyotupata walileta pipa zima wala hawakutaka senti. Keki ikawa nyembamba. Neema alichukua wiki kadhaa kurudi kwenye maziwa yake ya kawaida, na Kaka, aliyekuwa ameshapanga kununua mitamba miwili zaidi, aliitwa na Bibi mbele ya baraza lote.

"Mjukuu wangu, jenga kwanza stoo ya chakula yenye mlango wa bati na kitasa, ufunguo akae nao mama yako. Habari za mitamba utaniambia baadaye."

Kaka alipiga hesabu ya matofali siku hiyohiyo. Msingi umeshachimbwa, na fedha ya mtamba mmoja imeshaingia humo.