Pikapu Haina Buti

Redio ya gari lililoundwa kwa soko la Japani miaka ya tisini hukamata FM kuanzia megahazi 76 na kuishia 90. Stesheni za Tanzania zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Hesabu yake ni nyepesi: ukinunua Hilux ya enzi hizo iliyotoka Japani moja kwa moja, ukaipandisha mpaka Mbinga, utapata gari linalobeba magunia kwenye matope ya Machi bila kulalamika, na redio inayogota pale tu matangazo yanapoanza kunoga.

Ndicho kilichomkuta mkulima mmoja wa Mbinga mjini. Tumwite Mwenye Pikapu, basi, kwa sababu mkewe anasoma magazeti.

Dawa ya kwanza aliyopewa ni kiboksi kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena, mafundi wanakiita ekspanda. Kazi yake ni kuyateremsha mawimbi hadi pale redio ya Kijapani inapoweza kuyafikia. Kikiwa cha kuteremsha megahazi 14, stesheni iliyoko 98 utaipata kwenye 84. Kifaa hakina ubaya wowote. Kazi ni kumweleza abiria, na abiria wa kwanza alikuwa mama mkwe, anarudi kwake Litembo. Yeye husikiliza Radio Maria, ambayo ilianzia Songea mwaka 1996 na kwa watu wa Ruvuma ni redio ya nyumbani. Namba yake anaijua kwa kichwa.

“Mama, hapa inabidi utoe kumi na nne.”

“Nimtolee nani kumi na nne, baba?”

Mtu habishani na mama mkwe, hasa ndani ya gari ambalo bado hajamaliza kulilipia. Safari ilikwenda kimya hadi Litembo. Juma lililofuata, fedha zilizotengwa kwa ajili ya mbolea ya kukuzia zikapewa kazi nyingine.

Redio mpya ikaja kwa basi kutoka Songea, mwendo wa kilomita 100 hivi. Kwenye boksi iliandikwa kwa maandishi mekundu: wati 50 mara nne. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana maandishi hayo yamewaliza wengi. Fyuzi ya nyuma ya redio hiyo ni ya ampea 10. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari ni volti 14 na ushei. Kumi mara kumi na nne ni 140, na humo humo zimo taa za redio yenyewe na joto linalopotelea nyuma yake. Hizo wati 200 zinapita mlango gani? Kwa kawaida redio ya namna hiyo huipa kila spika wati 15 hadi 20 za kweli. Zilizobaki hukaa kwenye boksi. Mwenye Pikapu alipofahamishwa alisema hiyo ni lumbesa ya kinyume: gunia refu, mahindi robo.

Fundi naye alikuwa mtu wa haraka. Redio hizi zina waya wa njano unaotakiwa kupata umeme saa zote ili kumbukumbu isipotee, na mwekundu unaopata umeme ufunguo ukizungushwa. Fundi aliona shida ya nini, akaifunga yote miwili pamoja kwenye umeme wa ufunguo. Redio ikalia vizuri sana. Ila kila gari lilipozimwa, ilisahau kila kitu: stesheni, sauti, saa, hata simu ya mwenye gari. Kila asubuhi Mwenye Pikapu alitambulishwa upya kwa redio yake.

“Hiyo ndogo tu, bosi,” alisema fundi.

Kubwa ilikuwa kwenye milango. Spika ya gari ina chanya na hasi. Ya mlango wa kulia iliungwa sawasawa, ya kushoto ikageuzwa. Matokeo yake, moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na besi inauawa katikati ya kebini, palepale anapokaa mwenye mali. Akiinama na kutega sikio mlangoni, besi ipo. Akikaa kwenye usukani, haipo. Angegeuza nyaya mbili tu, asingetoa hata shilingi. Lakini yeye aliamua kwamba spika ni feki, fundi akaafiki (fundi gani atakataa?), na wote wawili wakakubaliana kuwa dawa ni sabufa.

Tatizo la sabufa ni sanduku. Katika gari dogo unaliweka kwenye buti, unafunga, unasahau. Pikapu haina buti. Nyuma kuna mvua inayoanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, kuna magunia, kuna watu wanaoomba lifti na vidole vyao. Na hii ilikuwa ya kebini moja, kiti kimoja kirefu kilichoegeshwa karibu kabisa na ukuta. Sanduku lilipopenyezwa nyuma ya kiti, kiti kikaja mbele, na magoti ya abiria yakagusa deshibodi. Mke aliingia, akajaribu kukaa upande upande, akauliza: “Hili sanduku linalipa nauli?”

Sabufa ina amplifaya yake, na amplifaya ina waya wa buluu wenye mstari mweupe, ambao redio huutumia kuiamsha na kuilaza. Safari hii fundi aliufunga kwenye umeme wa moja kwa moja, ili, kwa maneno yake, isisumbue. Haikusumbua. Ilikesha macho usiku kucha, na ilikuwa Juni, wakati baridi ya milima ya Umatengo inawafanya hata wenyeji waongee na mikono mifukoni. Asubuhi betri haikuwa na nguvu ya kuwasha hata taa ya mlango. Vijana wa bodaboda wakasukuma mpaka ilipoanza teremko, wakalipwa, na kesho yake walikuwepo tena mapema, wamejipanga.

Waya ukahamishwa. Gari likaenda Mbamba Bay kuchukua samaki, kilomita 66 za lami zinazoshuka kutoka milimani hadi ziwani kwa kona ambazo hazimpi dereva nafasi ya kupiga mwayo. Hapo ndipo sauti mpya ilipojitokeza: “wiiii” nyembamba chini ya kila wimbo, ikipanda mafuta yakikanyagwa, ikishuka gia ikibadilishwa. Abiria mmoja alisifia turbo. Gari halina turbo. Ilikuwa alteneta, inaimba kupitia spika, kwa sababu waya wa athi wa amplifaya ulikazwa kwenye bolti ya kiti iliyopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme ipasavyo. Kipande cha msasa na dakika chache za kukwangua mpaka chuma king'ae vingemaliza maneno.

Katika hili hakuwa peke yake. Ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, ambao kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Motorola, walihangaika mwaka 1930 na kelele za umeme wa injini zilizokuwa zikiingia kwenye redio yao ya gari. Inasimuliwa kwamba Paul alikwenda benki kuomba mkopo, na ili kumlainisha mkubwa wa benki akaagiza redio ifungwe kwenye gari la mkubwa huyo, aina ya Packard. Nusu saa baadaye Packard ikashika moto. Mkopo akanyimwa. Kwa kipimo hicho, fundi wa Mbinga anastahili cheti.

Ziwani redio ilitoa maajabu. FM husafiri kwa kunyooka, na huko juu milima huikata inavyotaka, lakini juu ya maji hakuna cha kuizuia. Stesheni za Malawi ziliingia safi. Wanyasa, watu wa ziwani, waliokuwa wakipakia samaki waliielewa lugha na kucheka kila utani wa mtangazaji. Mwenye Pikapu, Mmatengo wa watu, aliambulia majina ya timu za mpira. Wakati wa kurudi alisimama dukani kwa fundi mwingine, kijana mpole, aliyegeuza nyaya mbili za mlango wa kushoto bila kuambiwa. Besi ya milango ikarudi kwa mpigo, ikaungana na ya sanduku, na kioo cha pembeni kikaanza kutetemeka mpaka nyuma kusionekane kitu. Kwenye barabara inayopitisha malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu 2011, dereva anakihitaji kioo hicho kuliko besi.

Sabufa ikauzwa kwa mwenye baa. Mke akapata pa kuweka magoti.

Lakini amplifaya ilibaki, na habari za pikapu yenye amplifaya hazikai siku mbili. Wakaja viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, kwa adabu zote, wanaomba gari la kutangazia mkutano wa wakulima. Walikuja na tarumbeta zao mbili, zile za bati zinazofungwa juu ya paa. Hazina besi hata chembe, ila neno linafika ng'ambo ya bonde. Zikaungwa kwenye amplifaya iliyoungwa kwenye redio, iliyounganishwa na simu ya mwenye gari, ambayo tangazo lilikuwa limerekodiwa humo. Redio hizo zina kipengele cha kupokea simu zenyewe bila kubonyezwa. Mtu aliyekiwasha hajajulikana hadi leo.

Pikapu ikawa inapita stendi taratibu, tangazo linasema wakulima wote mnaombwa, likakatika. Sauti ya mke ikajaa mji mzima:

“Baba nanihii, zile hela za mbolea uliziweka wapi?”

“Ziko juu ya paa, mama!” akajibu muuza karanga.