Saloni ya Heshima
Komanda, njia panda ya Bunia, Beni na Mambasa, baba mmoja alichora nyumba yake: saloni ikala nusu ya ramani, vyumba viwili vya kulala, jiko na choo nje. Mama watoto akauliza, «Na depo?» Akajibiwa kwamba saloni ndiyo heshima ya nyumba. Haya. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ikapita dola 10,000 kwa tani, na wezi wakaisikia kabla ya wakulima. Chumba cha chini ya ardhi cha kuficha magunia yake ya kakao baba hana, uvungu wa kitanda umejaa, basi magunia yamehamia saloni. Baba anapokea wageni chini ya mwembe, watoto wanalala koridoni. Hongera, mzee: gunia limepata makochi.