Barua ya Wazi kwa Wenye Rula ya Samaki

Kwa Waheshimiwa Makamishna Tisa,
Tume ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas,
Austin.

YAH: OMBI LA KUPIMWA NA KUELEZWA SAWA

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Sharpstown, kusini-magharibi mwa Houston, mtaa ambao ukipanga foleni dukani utasalimiwa kwa Kihispania, utahudumiwa kwa Kivietinamu, na utakanyagwa mguu na kuombwa radhi kwa Kiswahili cha Uvira, Kongo. Nilizaliwa Ujiji, mkoani Kigoma. Nilionja samaki aina ya mgebuka kabla meno hayajanitoka yote, kwa hiyo naomba nisichukuliwe kama mtu anayedandia hoja ya wenyewe.

Kwanza, pongezi. Nimesoma kanuni zenu za uvuvi wa maji baridi jinsi mpangaji anavyosoma mkataba wa nyumba: mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili nikiwa na mtoto anayejua Kiingereza. Besi wa mdomo mpana asipungue inchi 14, na kwa siku wasizidi 5. Kambare wa kichwa bapa aanzie inchi 18. Kambare wengine, wale wa kawaida na wa bluu, 25 kwa siku, ila wenye inchi 20 na zaidi wasizidi 10. Sisi tulilelewa kwenye nyumba ambazo samaki hupimwa kwa sufuria: akienea ni halali, asipoenea anakatwa vipande viwili. Kumbe tulikuwa gizani.

Ili mjue kwamba tunatii, acheni niwasimulie Jumamosi moja. Jirani yangu, mzee wa Uvira, alinasa besi kwenye bwawa la bustani fulani hapa mjini. Mfukoni alikuwa na futikamba ya mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Kanuni inasema mdomo ufungwe, mkia ubanwe, kipimo kitoke ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Samaki mwenyewe hakuwa ameisoma. Kila tukimfunga mdomo anaufungua, kama shahidi aliyekatizwa mahakamani. Mjukuu wake alibana mkia, mimi nikashika taya, mzee akavaa miwani. Inchi 13 na robo tatu. Tukapima tena. Inchi 13 na robo tatu. Mzee akamtazama yule samaki jinsi mtu anavyotazama basi lililomwacha, kisha akasema, “Bon, tumurudishe kwa mama yake.” Tukamrudisha. Hapakuwa na bwana samaki hata mmoja kutuchungulia. Mashahidi wetu walikuwa bata wawili. Naomba jambo hili liwekwe kwenye faili.

Suala la leseni nalo halikututoa jasho sana. Leseni ya maji baridi kwa mkazi ni dola 30. Mjukuu hahitaji, kwa kuwa hajafika miaka 17. Hahitaji pia yeyote aliyezaliwa kabla ya Januari 1, 1931. Hapo ndipo mzee alipopata tumaini. Kwenye karatasi zake, kama za wengi waliopitia makambini, tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1, maana aliyezijaza alikuwa na haraka na foleni ilikuwa ndefu. “Kama tarehe waliiweka wao,” aliniuliza, “mwaka nao wangeshindwa kuusogeza nyuma kidogo?” Nimeahidi kuwafikishia swali lake, na sasa nimewafikishia.

Sasa twende kwenye kiini. Kanuni zenu zinasema kwamba kwenye mabwawa ya umma yasiyozidi ekari 75, yaliyomo ndani ya mji au bustani, mtu atumie fimbo zisizozidi mbili, na kambare wake wa kawaida na wa bluu wasizidi 5. Mwenye boti anayekwenda kwenye ziwa kubwa linalofuata kanuni ya jimbo zima anaruhusiwa 25. Sababu yake naielewa, msidhani sielewi. Bwawa la mjini ni beseni. Samaki wake wengi hupandikizwa, na mtu mmoja akiondoka na 25, watu wengine wanne watarudi nyumbani na minyoo yao. Hesabu ni sahihi. Lakini itazameni ikiwa imesimama ukingoni: mwenye gari, trela, boti, injini na sanduku la barafu anaruhusiwa mara tano ya yule aliyekuja kwa basi akiwa na ndoo. Na huyu wa ndoo ndiye aliyekuja kutafuta kitoweo. Yule wa boti, mara nyingi, humshika samaki, humpiga picha na kumwachia. Sijui kwa Kiingereza mnaiitaje hali hii. Kwetu tunasema aliyenacho huongezewa.

Miongoni mwa samaki mliotuachia bila kikomo yumo tilapia. Ni ukoo wa sato na perege, asili yake Afrika na Mashariki ya Kati, na amejaa hadi kwenye Brays Bayou, mkondo unaopita upande wetu wa mji. Yeye hana inchi wala idadi. Ila kanuni inaagiza kwamba ukimchukua asibaki hai: kichwa kitoke, au utumbo utoke, au alale kwenye barafu akiwa amekufa. Ni mgeni, anazaliana kupita kiasi, anabanana na wenyeji. Nilipomtafsiria mzee kipengele hicho alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama kinahusu samaki peke yake. Nilimhakikishia kwamba ndivyo, kwa kadiri nilivyosoma.

Linganisheni na Ethel. Alikuwa besi wa pauni 17.67, aliyevuliwa Lake Fork mwezi Novemba 1986, na kwake ukaanza mradi wenu wa kuazima besi wakubwa kwa ajili ya uzazi. Aliishi kwenye tangi la duka huko Missouri hadi alipokufa mwaka 1994, na maombolezo yake yalihudhuriwa na watu wapatao 1,500. Sina kinyongo na marehemu. Natamani tu kujua chai ilitolewa na nani, maana kwetu msiba wa watu 1,500 hauishi bila deni.

Na kwa kuwa naandika kutoka Sharpstown, siwezi kupita bila kutaja samaki mashuhuri kuliko wote wa mtaa huu. Mtaa ulijengwa miaka ya 1950 na Frank Sharp. Mwaka 1971 ikafichuka kwamba vigogo wa siasa za Texas walikopeshwa fedha na benki yake, Sharpstown State Bank, wakanunua hisa za kampuni yake ya bima na kuziuza kwa faida, huku miswada aliyoitaka ikipita bungeni. Sharp alikiri makosa akapata kifungo cha nje cha miaka 3 na faini ya dola 5,000. Spika wa Bunge, Gus Mutscher, alitiwa hatiani mwaka 1972, naye akapata kifungo cha nje cha miaka 5. Walivuliwa, wakapimwa, wakapigwa picha, wakarudishwa majini. Kwa hiyo msituambie kwamba hapa hatujui uvuvi wa kumwachia samaki. Sisi ndio tuliouasisi.

Msinielewe vibaya: sipingi mipaka. Nimetoka mahali palipolipa gharama ya kukosa mipaka, makokoro yakikokota hadi mayai, nyavu za macho madogo zikizoa watoto pamoja na mama zao. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika ili samaki wapumzike na kuzaliana. Ndugu zangu wa Ujiji walinung'unika kwenye simu miezi mitatu mizima, bei ya dagaa wakaitaja kama jina la adui, lakini hakuna aliyeniuliza maana ya jambo lile. Walielezwa, kwa lugha yao, mwaloni kwao.

Rula bila maelezo tumewahi kuiona pia. Juni 2018 maofisa wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, waziri akiwa Luhaga Mpina, waliingia mgahawa wa Bunge jijini Dodoma wakapima samaki waliokwishapikwa. Sato asiyefika sentimita 25 alikuwa mhalifu hata akiwa amelala juu ya wali. Wabunge walikasirika, nchi nzima ikacheka, na faini ikamwangukia mwenye mgahawa. Waliokuwa wakila waliendelea kutunga sheria.

Ndiyo maana ombi langu ni dogo, wala halihitaji bajeti ya kumzika Ethel. Kwanza, kwenye kila bwawa la mjini, choreni rula juu ya uzio au ubao wa gati, yenye alama nene kwenye inchi 14 na inchi 18, na pembeni picha ya kila samaki. Mtu asiyejua kusoma Kiingereza anajua kulaza samaki kwenye mstari. Pili, kando ya kikomo cha kambare 5 andikeni sababu yake kwa lugha za watu wanaovua hapo, Kiswahili kikiwemo. Mtu aliyeelezwa kwa nini hurudisha samaki hata kama hakuna anayemwona. Tatu, karibu na mikondo yetu mtuambie si urefu tu, bali pia usalama wa kumla. Maji ya Brays huishia Houston Ship Channel, na samaki wa huko idara ya afya ya jimbo imeshawatolea onyo kwa ajili ya dioksini na kemikali za PCB. Kwa mvuvi wa picha onyo hilo halina uzito, maana samaki wake harudi naye nyumbani. Sisi samaki wetu analala kwenye sahani ya mtoto.

Wasalaam, na poleni na majukumu. Mkipata nafasi karibuni Jumamosi yoyote bwawani. Futikamba ya mke wa mzee ipo, na yule besi wa inchi 13 na robo tatu bado yumo. Safari hii atakuwa amefika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mvuvi wa ukingoni,
Sharpstown, Houston.